Samaki wa Kitambaa Kwenye Mashamba ya Ngano

Mtoto wa Kijapani aliletwa darasani kwangu Jumatatu moja asubuhi, baada ya paredi, akiwa ameshikilia sketi ya mama yake kwa mikono yote miwili. Sare yake ilishonwa nyumbani, na viatu vyake vilikuwa visafi mno kwa vumbi la shule yetu. Watoto wa darasa la kwanza walinyamaza ghafla, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliweza tangu muhula uanze.

Nilikuwa bado mgeni katika kazi ya ualimu. Nilitoka kwetu, kijiji cha Daudi kwenye milima ya Mbulu, ambako ukifungua mlango asubuhi unakutana na ukungu na jirani, nikapangiwa shule ya msingi iliyokuwa pembeni mwa mashamba ya ngano ya serikali, huko chini kwenye tambarare za Hanang. Huko ukifungua mlango unakutana na ngano. Ngano mpaka macho yachoke, na mlima umekaa peke yake upande mmoja kama mtu aliyesusa. Wanafunzi wetu wengi walikuwa watoto wa madereva wa matrekta, mafundi na vibarua, watu waliotoka kila mkoa. Wachache walikuwa watoto wa Wabarbaig, wafugaji waliokuwepo pale kabla ngano haijafika.

Baba wa yule mtoto alikuwa fundi wa mitambo, ameletwa kufundisha mafundi wetu kwenye karakana ya shamba. Shule ya watoto wa wageni ilikuwa Arusha, na mama hakutaka kutengana na mtoto wake wa pekee angali mdogo vile. Kwa hiyo akaletwa kwetu.

Mama mtu alikuwa amejifunza Kiswahili kitabuni kabla ya kusafiri. Mahali fulani katika kitabu hicho alisoma kwamba shikamoo ni salamu ya heshima, akaona basi heshima apewe kila mtu. Akasimama mbele ya darasa langu, akainama mpaka nywele zikamfunika uso, akasema, "Shikamooni, watoto."

Darasa likaduwaa. Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele, binti wa mfugaji, ambaye alivaa bangili za shaba pamoja na sare na hakuna mwalimu aliyethubutu kumwambia azivue, akaitikia kwa sauti nzito ya bibi kizee, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nilitakiwa kumkemea. Badala yake nilicheka mpaka nikaegemea ubao, na vumbi la chaki likanijaa mgongoni. Mama alipoelewa alichokifanya, naye akacheka, mdomo ameufunika kwa kiganja. Nikamkalisha mtoto wake karibu na yule mwenye bangili, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Kabla wiki haijaisha walikuwa wanaendea maji pamoja.

Mtoto wa umri ule hujifunza lugha jinsi nguo inavyonyonya maji. Miezi michache tu na binti yule wa Kijapani alikuwa anaruka kamba, anagombania zamu ya kupiga kengele, ambayo ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, na anatukana kidogo pia. Nilifikiri mama yake anafurahi. Nilimwona kila alasiri akimsubiri nje ya uzio, akimpangusa vumbi, akimwuliza mambo kwa Kijapani. Mtoto alikuwa anajibu kwa Kiswahili.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, mama akanifuata ofisini baada ya vipindi. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayengoja daktari.

"Mwalimu," akasema, "naomba watoto."

"Watoto gani, mama?"

"Wote."

Nikamwekea chai. Taratibu, maneno mengine akiyatafuta kwa vidole hewani, akanieleza. Huko kwao, mwezi wa pili, baridi inapoelekea kuisha, kuna sikukuu ya nyumbani. Baba anavaa uso wa zimwi lenye pembe. Watoto wanamrushia maharage ya kukaangwa huku wanapiga kelele: zimwi nje, heri ndani! Wanamfukuza mpaka atoke mlangoni, na mwaka mzima nyumba inakuwa salama. Alipokuwa mdogo, yeye na ndugu zake walikuwa wanaifanya, nyumba nzima ikijaa vicheko na maharage mpaka chini ya mikeka.

"Mwaka jana tumefanya hapa," akasema. "Baba zimwi. Mimi, mtoto. Mtoto amerusha mara moja. Kisha ameniuliza, 'Mama, wengine wako wapi?'" Akazungusha kikombe. "Nimeenda jikoni. Nimelia."

Nikamwambia suala hilo nitalifikisha kwa mwalimu mkuu. Nilivyolisema ungedhani ni jambo dogo.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa Mwiraqw mwenzangu, mtu mrefu, mzee wa kanisa, anayevaa koti hata jua likiwaka. Akipita nyuma ya darasa, watoto walikuwa wanahisi kivuli chake kabla hawajakiona. Katika muda wote niliofanya kazi chini yake sikuwahi kusikia kicheko chake, na walimu waliokuwepo kabla yangu nao hawakuwahi.

"Zimwi," akasema nilipomaliza. "Katika shule yangu."

"Ni mchezo, mwalimu. Linafukuzwa."

"Na chakula kinatupwa chini."

Mwaka ule mvua za vuli hazikuwa nzuri, na yeye alijua kuliko mimi ni watoto gani wanakuja shuleni bila kula. Aliyetuokoa ni mama mpishi wa uji, aliyekuwa ameingia kuchukua ufunguo wa stoo na kusikia yote. Mama huyo hakuwa na tabia ya kungoja aulizwe.

"Warushe karanga za maganda," akasema. "Ganda linakaa chini, karanga inabaki safi. Wakimaliza kumpiga huyo zimwi wao, waokote, wale."

Nilipompelekea mama wa Kijapani wazo hilo, niliogopa atalikataa, maana sikukuu ni sikukuu. Akanishika mikono yote miwili. Kumbe upande wa kaskazini wa nchi yao, alikozaliwa bibi yake, penye theluji nyingi, ndivyo wanavyofanya hasa: wanarusha karanga na maganda yake, ili zionekane kwenye theluji na ziokotwe. Alisema jina la bibi yake mara mbili, akatoka mbio kwenda kumwambia mumewe.

Siku ikapangwa. Mama alitengeneza uso wa zimwi kwa boksi na gundi ya unga wa ngano, akaupaka wekundu, akauwekea pembe na meno. Wazazi wakachanga karanga. Darasa la kwanza mpaka la tatu wakafundishwa maneno, nikiwa nimeyaandika ubaoni kwa Kiswahili na chini yake kwa Kijapani kwa herufi zetu: oni wa soto, fuku wa uchi. Neno la mwisho liliwapendeza sana wavulana, wakalirudia mpaka nikalifuta.

Ilikuwa ni msimu wa kupanda. Asubuhi hiyo, watoto wamepanga mistari, kila mmoja na karanga zake mfukoni, dereva mmoja akaja kwa baiskeli kutoka karakana. Mashine ya kupandia ilikuwa imekwama katikati ya shamba, na fundi Mjapani yuko chini yake tangu alfajiri. Hawezi kuja.

Mama akainamisha kichwa. Uso wa zimwi alikuwa ameukumbatia kifuani. Binti yake akaniangalia, kisha akawaangalia wenzake wote wale waliopanga mistari, na nikaona mdomo wake unaanza kutetemeka. Walimu wanaume niliowatazama kila mmoja akapata kitu cha kuangalia mbali.

Mwalimu mkuu akavua koti. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akaja na kunyoosha mkono.

"Leteni hicho kinyago."

Akakivaa. Kilikuwa kidogo kwake, pembe zikasimama juu ya paji la uso na masikio yakatokeza pembeni. Watoto wakaingizwa darasani kwangu, naye akawafuata, akainua mikono, akanguruma. Na hakuna mtoto hata mmoja aliyerusha karanga. Nani angempiga mwalimu mkuu? Walisimama wima kama wako paredi, wengine wakawa tayari wanarudi nyuma kuelekea ukutani.

Binti wa Kijapani akatoka mstarini. Akainua mkono, akarusha kwa nguvu zake zote, na karanga ikampata mwalimu mkuu katikati ya pua ya boksi.

"Zimwi nje!"

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Karanga zilimwagika kama mvua ya mawe. Mwalimu mkuu akatoka mlangoni akiwa ameinama, watoto nyuma yake, akazunguka jengo la madarasa, akapita bustani ya mboga, akaacha kiatu kimoja kwenye tuta la sukumawiki, akarudi kwa upande wa choo, na darasa la tano na la sita, ambao hawakualikwa, wakaruka madirishani wakajiunga. Mama mpishi alimpata na gunzi la hindi. Alisema alifikiri ni karanga. Mwishowe zimwi likaegemea nguzo ya bendera, likavua uso, na chini yake mwalimu mkuu alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mabega yanatikisika, machozi yanamtiririka. Watoto wakasimama kumtazama kama watu wanaotazama mvua ya kwanza.

Baada ya hapo waliokota karanga na kukaa kwenye nyasi. Mama akaeleza kwamba desturi ni kula karanga kulingana na umri wako, moja kwa kila mwaka. Wengine wakahesabu. Yule mwenye bangili akaendelea kumenya na kutafuna, kumenya na kutafuna.

"Wewe una miaka mingapi?" nikamwuliza.

"Sijui, mwalimu. Nitajua nikishiba."

*

Tangu siku hiyo mama wa Kijapani akawa mtu wa shule. Alikuja alasiri za Ijumaa, wakati wa kazi za mikono. Alifundisha kukunja karatasi kuwa ndege, na kwa wiki kadhaa hapakuwa na daftari lenye kurasa zote. Na mvua za masika zilipokaribia kwisha akaja na kitu kilichokunjwa ndani ya shuka.

Kilikuwa samaki. Mrefu kuliko mimi, wa kitambaa chepesi cheusi, magamba yamechorwa moja moja, mdomo umetiwa duara la waya, na mkia uko wazi. Alimtoa nje, akaushika mdomo kuelekea upepo, na samaki akajaa tumbo, akaanza kuogelea hewani juu ya vichwa vya watoto. Wakapiga mayowe.

Akawaeleza, na kwa wakati huo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Mwezi wa tano kwao kuna siku ya watoto. Kila nyumba yenye mtoto inasimamisha mlingoti na kupandisha samaki kama hawa, mmoja wa baba, mmoja wa mama, na wadogo wa watoto. Ni samaki anayepanda mto kwa kupambana na maji, hata penye maporomoko hakati tamaa. Mzazi anampandisha samaki ili mtoto wake awe na nguvu vile vile.

"Na sisi tutapandisha," akasema. "Kila mtoto, samaki wake."

Kitambaa tulipata wapi? Mashuka yaliyochakaa ya nyumba ya wageni ya shamba, viroba vya unga vilivyofuliwa, kanga zilizotoboka. Rangi tulitengeneza kwa bluu ya kufulia, masizi ya jikoni na udongo mwekundu. Darasa langu lilinuka kama duka la dobi. Watoto wengi hawakuwa wamewahi kumwona samaki mzima isipokuwa wale wa karibu na ziwa la Basotu, kwa hiyo baadhi ya samaki walikuwa na miguu, na mmoja alikuwa na masikio. Mama hakusahihisha hata mmoja.

Yule mwenye bangili hakushika brashi. Alikaa na mikono mapajani.

"Kwetu hatuli samaki," akasema nilipomwinamia. "Ni kama nyoka tu."

"Si wa kuliwa. Ni wa kuruka."

Akatikisa kichwa.

Siku iliyofuata baba yake akaja shuleni. Niliwaona watoto wakipisha njia kabla sijamwona yeye. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye shuka jeusi begani na fimbo ndefu, na hakuwahi kukanyaga shule ile hata siku ya kumwandikisha binti yake, aliyemleta ni mjomba. Tulijua sababu. Malisho yao yalikuwa yamelimwa, na kati ya wafugaji na watu wa shamba maneno hayakuwa mazuri. Walimu wakatoka ofisini wakasimama nyuma yangu. Nikadhani amekuja kumwondoa mtoto.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno limesimama peke yake. "Binti yangu anasema mnataka arushe samaki juu. Ni kweli?"

Kabla sijafungua mdomo, mama wa Kijapani akapita mbele yangu, akainama chini kabisa. "Shikamoo, mzee." Safari hii aliyeamkiwa alistahili. Akamweleza yote tena: mto, maporomoko, mzazi kumtakia mtoto nguvu. Mzee akasikiliza huku amesimama kwa mguu mmoja, wa pili ameuegemeza kwenye goti.

"Kwenu kuna ng'ombe?" akauliza.

"Wapo. Wachache."

"Basi mmechagua samaki kwa sababu hamna ng'ombe." Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa huruma, kama mtu anayempa mwenzake pole ya msiba. "Mwanangu atarusha dume."

Nilimwangalia mama. Ni sikukuu yake, ya mababu zake, na samaki wake. Alifikiri kidogo tu, kisha akauliza, "Dume lako lina rangi gani?"

Uso wa mzee ukafunguka. Akakaa chini pale pale kwenye ngazi za darasa la kwanza, akalaza fimbo, akaanza kumweleza. Mweusi mabegani, mweupe tumboni, na alama kama wingu ubavuni. Nundu inaegemea kushoto. Pembe moja imeinuka, nyingine inatazama mbele. Alizichora mavumbini, akafuta, akachora tena mpaka akaridhika. Mama alikuwa amechuchumaa karibu yake na penseli. Binti wa mzee akaja akasimama katikati yao, akawa anasahihisha. Kengele ya mapumziko ikalia, na ya kuingia ikalia, na mimi sikufundisha hesabu asubuhi ile.

Walimshona kwa siku kadhaa. Mzee alikuja kila siku kukagua. Pembe ndizo zilizotusumbua, zikawa zinalala kama masikio ya mbuzi, mpaka fundi Mjapani alipokuja jioni moja na waya kutoka karakana, mikono bado ina grisi. Wanaume hao wawili hawakuwa na lugha moja. Walikunja waya pamoja bila kusema kitu, mmoja akishika, mwingine akivuta, na wakimaliza kila pembe wanarudi nyuma hatua chache kuitazama.

"Lakini mdomo wake uko wazi," nikasema mimi. "Ng'ombe hatembei mdomo wazi."

"Analia," mzee akajibu. "Ameona majike."

*

Siku ya watoto tuliisogeza mbele mpaka matope yakauke. Ngano ilikuwa ya kijani, imefika kiunoni. Milingoti ya mikaratusi ilisimamishwa kwenye uwanja, samaki wakafungwa kwa kamba, dume likapewa mlingoti wake. Wazazi walikuja kutoka kambi ya wafanyakazi na nguo za kanisani. Wabarbaig walikuja pia, wengi kuliko tulivyotarajia, wanawake na mavazi ya ngozi yenye shanga, wanaume na fimbo, wakakaa upande wao wa uwanja. Watu wa kambi wakakaa upande wao. Katikati palikuwa na nafasi pana.

Hapakuwa na upepo. Katika nchi ile ambayo upepo hung'oa mabati, asubuhi ile hata jani halikutikisika. Samaki walining'inia kama nguo zilizoanikwa. Dume lilitazama chini, pembe zimegusana. Kijana mmoja wa Kibarbaig akasema kitu, wenzake wakacheka.

"Amesemaje?" nikamwuliza yule mwenye bangili.

"Anasema dume la baba limekula sumu ya panya."

Mzee hakucheka. Mama wa Kijapani alikuwa anagawa vitonge vya wali vyenye chumvi, anatabasamu kwa kila mtu, lakini macho yake yalikuwa juu. Mwalimu mkuu akapendekeza wimbo. Tukaimba. Hakuna kitu. Watoto wakaanza kukaa chini.

Ndipo binti wa Kijapani akanyoosha kidole upande wa shamba. Mbali kabisa, ngano ilikuwa imeanza kuinama. Ulikuwa mstari tu, kama mkono unaopitishwa juu ya manyoya ya paka, na ule mstari ulikuwa unakuja. Tukauona ukipita kwenye matrekta, ukipita kwenye miti ya mpakani, na kabla mtu hajasema neno, ukatufikia.

Samaki wote wakajaa kwa pamoja. Wekundu, wa bluu, wenye miguu, yule mwenye masikio, wakanyooka na kuanza kupiga mikia. Watoto wakakimbia chini yao, kila mmoja akiita wa kwake. Lakini dume lilikuwa zito. Lilijaa tumbo, likainuka kidogo, likaanguka kwenye mlingoti. Likainuka tena. Mzee akasimama, akaanza kusema nalo kwa lugha yake kwa sauti ya chini, vile wanavyosema na mnyama anayegoma kuvuka mto. Upepo ukaongezeka. Dume likageuka, likaelekeza pembe zake kwenye upepo, na mara likapanda, lote, na nundu yake na wingu lake ubavuni, likasimama hewani juu ya ngano mdomo wazi.

Wanawake wa Kibarbaig wakaanza kuimba. Sikujua maneno, ila nilijua ni sifa za ng'ombe, maana vichwa vyao vilikuwa vimeinuka na shingo zinakwenda kama za ng'ombe. Wanaume wakaanza kuruka. Mama mpishi, ambaye hakuwa Mbarbaig na hakuwa na umri wa kuruka, akavuka ile nafasi ya katikati akaingia kuruka nao. Baada yake wakavuka wengine. Matrekta yakasimama shambani, madereva wakapanda juu ya boneti kutazama. Mtu akampa mama wa Kijapani kibuyu cha maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi. Akanywa, akafikiri, akaomba tena, na wale wanawake wakapiga vigelegele.

Mzee alikuja akasimama karibu nami. Alitazama dume lake kwa muda mrefu, kisha akashusha macho kwenye ngano.

"Hapo chini nimechunga nikiwa mdogo kama hawa," akasema. Akatazama juu tena. "Leo dume langu limepita hapo."

Kabla ya kuondoka alimwita binti wa Kijapani, akamwambia kuna ndama jike aliyezaliwa wiki ile nyumbani kwake, na kuanzia sasa ni wake. Mtoto akamtafsiria mama yake. Mama akashtuka, akasema hawawezi, hawana zizi, watarudi kwao. Mzee akatikisa mkono kama anayefukuza nzi.

"Nani amesema ampandishe kwenye ndege? Ng'ombe atakaa. Mtoto atakumbuka kuwa ana ng'ombe. Hiyo inatosha."

Kila Jumamosi baada ya hapo binti yule alikwenda na rafiki yake kumsalimia ndama wake.

*

Mkataba wa fundi ulikwisha mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Krismasi yao ya mwisho niliwaalika kwetu Daudi. Tulipanda na gari la shamba, tambarare ikabaki nyuma, hewa ikapoa, na mama alipoona ukungu kwenye mabonde na majani mabichi ya maharage, akasema panafanana na kwao.

Baada ya ibada mama yangu alipika kama anavyopika siku hiyo, kwa ajili ya watu ambao hawajafika. Kisha akaanza kupakua kwenye sahani, akazifunika kwa vitambaa, akawapa watoto wapeleke kwa majirani. Binti wa Kijapani akapewa ya kwake. Akaenda kwa uangalifu kwenye njia ya utelezi, akarudi na sahani nyingine, ya jirani, yenye nyama na kipande cha mkate. Akatumwa tena. Watoto walikuwa wanapishana njiani kijiji kizima, sahani kwa sahani, wakicheka, na mwishowe hakuna aliyejua nani amepika nini.

Mama yake alisimama mlangoni akitazama. Nikamtafsiria mama yangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alichosema mgeni wetu.

"Anasema alikuja huku akiogopa mtoto wake atasahau sikukuu zao. Sasa wanarudi, anaogopa atasahau hizi za huku. Anauliza achukue ipi. Anasema hii ya sahani anaiweza."

Mama yangu akapangusa mikono kwenye kitenge. "Mwulize, huko kwao jirani yuko mbali?"

Nikauliza. "Anasema karibu sana. Ukuta mmoja tu. Lakini hawajuani."

"Basi aanze na huyo," mama akasema, akamwekea sahani nyingine mikononi. "Na hii aipeleke mwenyewe, pale penye moshi. Aseme nimemtuma mimi."

Mama wa Kijapani akavua viatu vyake vizuri, akavaa malapa ya mama yangu, akashika sahani kwa mikono miwili, akateremka polepole kwenye njia ya utelezi, na binti yake mbele yake akimwonyesha mahali pa kukanyaga.